Musinunue Nyumba Yenye Eda

Niacheni niseme kwa hasira, kwa sababu hasira ninayo na uzee umenipa ruhusa. Wiki iliyopita kijana mumoja wa hapa Kasongo, mutoto wa jirani yangu, alikuja kunisalimia. Salaam aleikum bibi, aleikum salaam, akaketi, akatoa simu. "Bibi, angalia hii nyumba. Mabati mapya, vyumba vinne, barabara iko karibu. Si ni kop nzuri?" Kop, ndivyo munavyoita siku hizi biashara ya faida ya haraka. Nikaisogeza simu karibu na macho. Nyumba kweli ilikuwa nzuri. Lakini mbele yake viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa, masufuria makubwa yalikuwa juu ya mafiga, na wanawake walikuwa wamejifunga vitenge kiunoni. Nikamuuliza, "Picha hii uliipiga lini?"

"Juzi, bibi. Kwenye matanga ya mwenye nyumba."

Kwenye matanga! Watu wanasoma dua, yeye anapima kuta kwa simu! Nilimufukuza. Kisha nikamuita arudi, maana kumufukuza mutoto bila kumuambia sababu ni uvivu tu. Haya ninayowaandikia ndiyo niliyomuambia, pamoja na mengine niliyoona haya kuyasema mbele ya macho yake.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Aziza. Nilikuwa komisionere wa nyumba na viwanja, parsele, kwa miaka zaidi ya thelathini, yaani mutu wa katikati, wa kukutanisha mwenye kuuza na mwenye kununua, na kuwasomea karatasi wasiojua kusoma. Nimeacha kwa sababu ya magoti. Ningependa kusema niliacha kwa sababu ya kutubu, lakini magoti ndiyo yaliyoniachisha.

Munaniuliza kila siku nyumba za kununua zinapatikana wapi. Eti kwenye wasap! Aka! Nyumba inayotaka kuuzwa inaonekana kabla mwenyewe hajajua. Mimi kabla ya kazi hii nilikuwa nauza mawese mulango kwa mulango, kidumu kichwani. Hakuna mutu anayemuogopa muuza mawese. Nilikuwa naona uzio umeanguka na hakuna anayeusimamisha. Mama aliyezoea kununua chupa nzima anaanza kununua kikombe. Ndugu wawili wa baba mumoja wanapishana barabarani bila kusalimiana. Mwenye nyumba ameanza kusema mambo ya kuhamia Lubumbashi. Ukiona mambo matatu kati ya hayo katika nyumba moja, ngoja kidogo tu, utaitwa. Mume wangu, Mungu amurehemu, alikuwa akisema nikipita mbele ya nyumba mara mbili wenyeji wanaanza kufunga mizigo.

Aliyenitoa kwenye mawese ni Muzee Ramazani, komisionere wa zamani, mufupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Aliniambia, "Wewe unajua nyumba za Kasongo kwa harufu ya jiko. Mimi ninazijua kwa karatasi tu. Tufanye kazi pamoja." Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba nyumba inaangaliwa siku ya mvua. Picha haina mvua, wanangu! Nenda wakati inanyesha, uchafuke, uone maji yanatoka wapi na yanaingia kwa nani. Nimeona nyumba ya matofali ya kuchoma, safi kabisa mwezi wa saba, na mwezi wa kumi na moja bata wa jirani wanaogelea sebuleni.

Na mupaka. Muzee Ramazani hakukubali kuoneshwa mupaka kwa kidole. Alikuwa anawaita majirani wa pande zote, wanasimama, kisha anamuambia mwenye kuuza, "Tembea juu ya mupaka wako, mimi ninakufuata." Basi angalieni jambo hili, maana sijaliona likikosea: mutu mwongo akikaribia pembe ambayo si yake, anaanza kuongea sana. Anasifu hewa. Anakuuliza habari za watoto. Muzee anasimama pale pale, anawatazama majirani, na majirani wanatazama chini. Kazi imekwisha, tunarudi nyumbani.

Mimi mwenyewe nilifanya makosa mengi. Nilimuuzia mwalimu mumoja kiwanja kwenye njia ya Wamaza, chenye michikichi sita iliyokwisha kuzaa. Mwalimu alifurahi, alikuwa ameshakula mawese yake yote kichwani. Siku ngazi, yale matunda ya mawese, zilipoiva akafika mama muzee na vijana wawili wenye panga, akamusalimu mwalimu vizuri kabisa, wakapanda, wakakata, wakabeba, wakamuaga. Kumbe udongo ulikuwa wa yule aliyeuza, lakini michikichi aliipanda marehemu mume wa yule mama, kwa ruhusa ya baba wa mwenye udongo. Mwenye udongo aliuza udongo. Miti hakuna aliyeiuza, na mimi sikuuliza nani aliipanda! Mwalimu alikuja kwangu na shoka mukononi. Baadaye alieleza kwamba shoka lilikuwa la kukata michikichi, si la kunikata mimi, lakini mimi ningejuaje? Nilitokea mulango wa nyuma na nikalala kwa dada yangu siku tatu.

Sasa pesa, kwa sababu najua ndiyo munayotaka. Banki inataka uioneshe nyumba ndipo ikupe pesa ya kununua nyumba. Achana nayo kwanza. Ingia likelemba, kile kikundi cha kuchanga ambapo kila mutu anapokea kwa zamu yake, na uombe zamu ya mwisho. Najua wote munakimbilia ya kwanza. Ukipokea wa kwanza utanunua kitu cha kwanza unachokiona, kisha utatumia mwaka muzima kukilipia huku unajuta. Njia nyingine nzuri kwa anayeanza ni nyumba yenye kuta bila mabati. Zimejaa hapa kwetu. Mwenyewe amekwama, mvua inazila kuta zake. Unakwenda kwa heshima, unapatana naye: wewe ulete mabati na milango, upangishe kwa miaka mutakayoelewana, kisha nyumba inarudi kwake. Hukununua, hukukopa, umejifunza kazi, na umeokoa kuta za mutu. Wengi walioanza hivyo leo wako na nyumba zao. Lakini ninyi hamutaki. Eti inachelewa! Munataka nyumba ya marehemu, kwa sababu warithi wako na haraka na wenye haraka wanauza rahisi.

Basi nitawaambia ya nyumba ya marehemu.

Kijana Faustin alikuja kwangu na kofia mukononi. Alikuwa mukristo, mutu wa upande wa Kivu, muchimbaji wa dhahabu kule Lusangi. Yeye na wenzake wanne walikuwa wamechanga dhahabu yao ya muda murefu. Rafiki yao alikuwa amefukiwa ndani ya shimo, na baada ya kumuzika wakasema, dhahabu hii igeuke kitu chenye mulango. Walitaka nyumba moja Kasongo, wapangishe wafanyabiashara. Ilikuwa nyumba yao ya kwanza. Aliniambia, "Mama, sisi hatujui kitu. Utuongoze."

Nilijua nyumba hapo hapo. Muzee Shabani alikuwa amekufa, hata miezi miwili haijaisha. Watoto wake wa muke wa kwanza, Juma na Hamisi, walikuwa wameshaninong'oneza kwamba wanauza. Na ndani ya nyumba alikuwamo Mwavita, muke wake wa pili, asiye na mutoto, amekaa eda. Kwa ninyi musio Waislamu: mujane anakaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa shida kubwa, hajipambi, na wanaume wa kando hawaingii kwake. Yaani watu wanaweza kuuza nyumba nje, barazani, na mwenyewe yuko ndani haruhusiwi kutoka kuwauliza munafanya nini.

Na nyumba ile ilikuwa ya Mwavita kuliko ya Juma. Mabati yote aliyanunua yeye, mimi ni shahidi. Alikuwa anateremka Nyangwe na sabuni, anaiuza, anarudi na samaki, anauza samaki, ananunua bati. Moja moja, miaka, mpaka nyumba ikafunikwa. Marehemu alikuwa mugonjwa wakati huo, na Juma alikuwa hajulikani aliko.

Hayo yote niliyajua. Na sikumuambia Faustin hata neno moja! Nilitaka komisio. Aziza wangu alikuwa anaanza shule ya juu, nikajiambia ni kwa ajili ya mutoto. Muzee Ramazani alikuwa amekwenda Kabambare kwa binti yake, na sitaficha, nilishukuru kwamba hayupo.

Tukakaa barazani, Juma, Hamisi, Faustin na mimi. Nyumba ikasifiwa, bei ikakubaliwa, karatasi ikaandikwa. Faustin akaisoma, akageuza kichwa huku na huku. "Na mama mwenye nyumba iko wapi? Sijamuona."

"Anapumzika," Juma akasema. "Amekubali yote."

"Basi aweke kidole kwenye karatasi. Wenzangu wataniuliza."

Oneni, yule mugeni asiyejua kitu ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana siku ile. Juma akanitazama. "Mama Aziza ataingia. Yeye ni mwanamuke."

Ndiyo, kwa sababu mimi ni mwanamuke. Walihitaji mutu anayeweza kupita mulango ule. Nikachukua karatasi na kidau cha wino, nikapita.

Mwavita alikuwa kwenye mukeka, anamenya karanga, amevaa nguo moja nyeupe isiyo na ua. Uso ulimufunguka aliponiona. "Mama Aziza! Karibu, karibu. Watu wamenisahau humu ndani. Umeniletea nini?"

"Karatasi ya watoto," nikasema. "Wanapanga mambo ya marehemu."

"Inasema nini?"

"Inasema wewe ni mujane wake."

Na kweli, mustari wa kwanza ulisema hivyo. Ndiyo maana ninalichukia neno lile mpaka leo. Lingekuwa uongo mutupu ningelichukia kidogo. Mustari wa nne ulisema amekubali nyumba iuzwe, hana dai, na atatoka eda ikiisha. Mwavita hajui kusoma. Alipangusa vumbi la karanga kwenye nguo, akaninyooshea kidole. Nilikishika mimi mwenyewe, nikakitia wino, nikakikandamiza pale chini. Akanishukuru, akanifungia karanga nimupelekee Aziza.

Juma na Hamisi walilipwa, na mimi nikalipwa. Muzee Ramazani aliporudi nilimupelekea fungu lake, maana ndivyo tulivyoelewana, hata asiyekuwapo anapata. Akauliza nyumba gani. Nikamuambia.

"Mwavita si yuko eda?"

"Yuko."

"Kidole aliweka?"

"Aliweka."

"Ulimusomea?"

Nikaanza kumueleza shule ya Aziza. Akaninyamazisha kwa mukono. "Nimeuza nyumba za walevi, nimeuza nyumba za wadeni, nimeuza nyumba za watu waliotukanana mbele yangu. Sijauza nyumba ambayo mwenyewe yuko ndani hawezi kutoka. Ondoa pesa yako kwenye mukeka wangu."

Nilimukasirikia! Siku tatu nzima nilimutukana moyoni. Nilisema, muzee huyu amezeeka, kazi imebadilika, kila komisionere anafanya hivi. Maneno hayo hayo munayoyasema ninyi leo, wallahi, niliyasema mimi kabla yenu. Siku ya nne nilikuwa dukani nanunua chumvi. Juma akafika na pikipiki mpya, bado ina nailoni kwenye kiti, akawa anajisifu mbele ya watu. "Yule mama," akasema, "eda ikiisha atabeba mukeka wake aende kwao Nyangwe." Na watu wakacheka. Muuza duka alicheka. Juma akanikonyeza mimi, mwenzake.

Mwenzake! Nilitoka pale bila chumvi. Nilikwenda moja kwa moja kwa shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, nikamuambia yote, mustari wa kwanza na mustari wa nne.

Kikao kilifanyika uani kwa Mwavita, kwa sababu yeye hawezi kutoka. Shefu alikuja, na shehe wa musikiti, na majirani, na Muzee Ramazani na kigoda chake. Faustin alikuja na wenzake wawili kutoka Lusangi, matope bado kwenye viatu. Mwavita alikaa ndani ya mulango, nyuma ya pazia. Nikasimama nikasema: "Nilimudanganya. Hakujua anauza. Kidole nilikishika mimi."

Juma akaruka. "Muongo huyu! Amekula komisio, ameshiba, sasa analia!"

Niliitoa komisio yote nikaiweka chini mbele ya shefu. Aziza alingoja mwaka muzima kwa sababu ile, na alinichukia mwaka ule, na alikuwa na haki. Lakini kilichonichoma ni Faustin. Alisimama, anatutazama mumoja mumoja. "Ninyi wote mulijua," akasema. "Wote! Hata majirani. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa nauliza mama iko wapi. Ile dahabu yetu, mutu wetu alikufa akiichimba. Mulishindwa kuniambia neno moja tu?"

Shefu akaichana karatasi. Shehe akasema kila murithi apate fungu lake kwa haki, na mabati ni mali ya Mwavita, hayamo katika urithi. Pikipiki ya Juma ikauzwa wiki ile ile, na nilifurahi, sitasema uongo. Hamisi akarudisha alichobakiza. Hata hivyo pesa ya Faustin haikutimia.

Aliyetoa njia alikuwa Mwavita. "Huyo mugeni nilimusikia barazani siku ile, ananiulizia. Sikujua ni kwa jambo gani, lakini nilisikia mutu ananiulizia. Apewe vyumba viwili vya mbele, apangishe wafanyabiashara wake mpaka pesa yao yote irudi. Nyuma ninakaa mimi. Ikishatimia, vyumba vinarudi kwetu warithi."

Wanangu munaotaka kujua kop, ile ndiyo kop. Vyumba viwili, mupangaji yuko tayari, mwenye nyumba anakubali kwa mudomo wake mbele ya watu kumi na tano. Faustin na wenzake walianzia pale, na baadaye walijenga kwao wenyewe. Hakuna aliyewafundisha kazi vizuri kuliko yule mujane ambaye tulitaka kumutoa.

Shefu akaandika karatasi mpya, polepole, ana mwandiko mubaya. Alipomaliza akaninyooshea mimi. Ilikuwa mazoea tu, maana miaka yote karatasi za kartie nilizisoma mimi. Nikaipokea, nikasogea karibu na pazia, nikafungua kinywa.

"Hapana," Mwavita akasema kutoka ndani, sauti ya kawaida kabisa, kama anayekataa chai. "Asome mwingine."

Faustin akaitoa karatasi mukononi mwangu, akasoma yeye.